Vigango Vilivyorudi Bila Majina



Hesabu ya fedha, michango ya mazishi na karo za watoto zina mahali pake katika kitabu hiki, na kila mwanachama atazisoma kwa macho yake mwenyewe. Kurasa hizi chache zahusu mali ya namna nyingine, isiyowekwa benki wala kuandikwa na mweka hazina, nayo ni kumbukumbu za wale waliotutangulia. Tumeona vema kuieleza habari hii kwa kufuata mji mmoja, yaani Malindi, pamoja na mashamba yaliyo nyuma yake, kwa sababu yaliyowapata watu wa huko yaweza kumpata mtu wa kabila lo lote, na pengine yamekwisha kutupata sisi nasi hatujatambua.

Malindi ni mji wa kale. Vasco da Gama alipotia nanga huko mwezi wa Aprili, 1498, aliukuta mji wenye mfalme wake na biashara yake, na huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Nguzo ya msalaba ya Wareno ingali imesimama juu ya mwamba wa pwani, na kanisa lao dogo lipo. Yapata maili kumi kusini kuna magofu ya Gede, ambayo Serikali ya kikoloni iliyatangaza mwaka wa 1927 kuwa mahali pa kale pa kuhifadhiwa. Tangu mwaka wa 1948 Bwana James Kirkman aliyasimamia na kuyachimbua, na mwaka wa 2024 shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kule Mombasa nayo, Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka wa 1593 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa gereza, ilifunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho mwaka wa 1962.

Hayo yote ni mema, wala hatuyabezi. Walakini msomaji atakuwa ameona ya kwamba ni mambo ya mawe. Jiwe laweza kumngoja mtaalamu miaka mia nne na lisiharibike. Wagiriama, wenye mashamba nyuma ya mji ule, hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa miti na makuti, na kumbukumbu za wafu wao walizichonga kwa mti. Na katika miaka ile ile mawe yalipokuwa yakizungushiwa ua na kuwekewa walinzi, miti ile ilikuwa ikiuzwa madukani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazee na wasomi wa sehemu hizo waliunda Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, ambacho watu hukiita MADCA, kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Hakikuanza kwa fedha nyingi. Kilianza kama vyama vyetu vyote vilivyoanza, kwa watu wachache kukaa pamoja na kukubaliana ya kwamba jambo fulani lisipofanywa na wao halitafanywa na mtu. Kazi yao iliyojulikana zaidi ni sherehe ya kila mwaka ya kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Siku hiyo wazee hutoka na fimbo zao, wanawake huvaa hando, ngoma hupigwa, na vijana waliosoma habari za wafalme wa Ulaya shuleni husikia habari za bibi yao.

Yafaa tuseme kidogo juu ya mama huyo, kwa kuwa si wanachama wote watokao pwani. Mekatilili hakuwa binti wa mfalme, maana Wagiriama hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kambi, yaani baraza la kaya. Alikuwa mwanamke mjane, mtu mzima, mwenye ulimi uliosikilizwa. Serikali ya Kiingereza ilipotaka kodi ya nyumba, na ilipotaka zaidi vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba makubwa na kazi za Serikali, ilimtuma afisa mmoja, Bwana Arthur Champion, akae kati yao na kulitimiza jambo hilo. Mekatilili akaenda mji kwa mji akicheza kifudu, ngoma ambayo kwa desturi yahusu matanga, na watu walipokusanyika kumtazama aliwaambia habari ya vijana wao. Katika mwaka wa 1913 mkutano mkubwa ulifanywa Kaya Fungo, na viapo vikaliwa, wanaume kwa chao na wanawake kwa chao, ya kwamba hapana atakayewatumikia Waingereza.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo alikamatwa, yeye pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwezi wa Januari, 1914, walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu, mamia ya maili, kupitia nchi za watu wasiojua lugha yao. Alikamatwa tena. Mwezi wa Agosti, 1914, Serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikafuata, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alirudi kwao mwaka wa 1919, naye akaishi miaka michache tu baada ya hapo. Mwaka wa 2010 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani moja ya mji wa Malindi, na bustani ikapewa jina lake.

Twajuaje mambo hayo? Sehemu moja imetoka katika mafaili ya Serikali, ambayo yaliandikwa na watu waliomkamata. Sehemu ya pili imetoka vinywani mwa wazee. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliyakusanya maneno ya wazee wa Kigiriama, akayalinganisha na mafaili, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1981. Kama wazee wale wasingaliulizwa wakati walipokuwa hai, tungalikuwa na faili peke yake, na bila shaka sherehe ya Malindi ingalikuwa na ngoma nyingi na maneno machache. Ngoma hupendeza, lakini haimwambii mtoto ni mwaka gani kaya ililipuliwa, wala ni nani aliyeilipua.

Sasa tuje katika jambo lenyewe, yaani vigango.

Kigango ni ubao wa mti mgumu, mara nyingi mhuhu, ambao mchwa hauli upesi. Urefu wake huweza kupita kimo cha mtu. Juu huwa na kichwa, pengine cha mviringo, na mwili wake hujazwa nakshi za pembetatu zilizochongwa kwa mkono na kutiwa rangi. Si kila mtu hupata kigango. Hupata mtu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wanaume wenye heshima na uwezo, ambao mtu aliingia kwa kufanya karamu na kulisha wenzake. Asiye wa Gohu huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na nakshi. Wala kigango hakisimamishwi siku ya mazishi. Hupita muda, labda miaka, kisha marehemu humjia mtu wa jamaa katika ndoto, au ugonjwa huingia nyumbani, au mvua na mazao hukataa, mganga huulizwa, naye husema, “Mzee wenu ana baridi, hana mahali pa kukaa.” Ndipo fundi huitwa, kigango huchongwa, hufungwa vitambaa, hutiliwa tembo, na tangu siku hiyo mzee anakaa na watu wake.

Kwa hiyo wakosea wale waitao kigango pambo la kaburi. Hakiko juu ya kaburi, wala si pambo. Wanachama walio Wakristo na walio Waislamu watasema ya kwamba hawafuati tena desturi hizo, nasi hatumlazimishi mtu kutilia mti tembo. Lakini mwenye kukataa kusali mbele ya kitu cha babu yake hakuruhusiwa kwa sababu hiyo kukiuza.

Kuna sharti moja ambalo limeleta hasara kubwa, nalo ni hili: kigango kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Wagiriama walikuwa watu wa kuhama. Shamba likichoka, mji mzima hufuata ardhi mpya. Watu huenda, vigango hubaki. Hubaki katika mahame, kati ya miti inayoota upya, mpaka vianguke vyenyewe na kurudi udongoni. Kwa wenyewe mahali hapo hapakuwa ukiwa; wazee walikuwapo. Kwa mtu wa kupita aliyekuja na gari, palionekana kuwa na sanamu nzuri zisizo na mwenyewe.

Katika miaka ya 1970 na ya 1980 sanamu hizo zilipata soko. Watalii walizinunua katika maduka ya vinyago ya pwani na Nairobi, na wafanyabiashara wakubwa walizipeleka ng'ambo kwa wingi, hasa Marekani, ambako zilionyeshwa katika nyumba za sanaa na kununuliwa na matajiri kwa maelfu ya dola. Matajiri wengi walizitoa zawadi kwa makumbusho na vyuo. Yasemwe pia, maana katika chama hatufichani, ya kwamba mgeni hakujua njia za mahame. Vigango vingi viling'olewa usiku na vijana wa vijiji vya karibu, waliokuwa hawana kazi, nao walilipwa fedha kidogo za kununulia shati. Mzungu ana lawama yake, na kijana wetu ana yake, na baba aliyemlea kijana huyo pasipo kumwambia ule ni mti wa nani, naye asijitoe.

Hapo ndipo panapoingia picha moja, ambayo kwa maoni ya mwandishi ni jambo kubwa kuliko sanamu zote za bustanini.

Mwaka wa 1985 mtaalamu mmoja wa Marekani wa elimu ya mila na desturi, Bibi Monica Udvardy, alikuwa akikaa kati ya Wagiriama kwa masomo yake. Alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama mbele ya vigango viwili, ambavyo mzee huyo alikuwa amewasimamishia ndugu zake marehemu. Picha ilikuwa ya kawaida, kama wageni wazipigavyo. Aliporudi kumletea mzee nakala yake, kama alivyoahidi, alimkuta katika huzuni: vigango vimeibwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Yule mama alikuwa na nini cha kumsaidia? Alikuwa na picha. Mzee alifariki mwaka wa 1987, asivione tena.

Miaka kumi na minne baada ya picha ile, yaani mwaka wa 1999, Bibi Udvardy alikuwa katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani. Mwenzake mmoja, Bibi Linda Giles, alikuwa akitoa hotuba juu ya vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois, na picha zikawa zikionyeshwa ukutani kwa taa. Katika picha mojawapo Bibi Udvardy akakiona kigango anachokijua. Kila kigango huchongwa kwa nakshi zake. Hapana viwili vinavyofanana kabisa. Alipolinganisha na picha yake ya 1985, hapakuwa na shaka. Wakatafuta zaidi, na cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia, katikati ya vingi vingine.

Wataalamu hao wawili, wakiungana na Mkenya, Bwana John Mitsanze, waliandika mwaka wa 2003 makala iliyoamsha watu. Walikuwa wamepata mamia ya vigango katika makumbusho 19 ya Marekani. Kisha ikaja kazi ya barua, mawakili, mabalozi na idara za Serikali, kazi ambayo kila katibu wa chama aijua, ya kuandika na kungoja, kuandika tena na kungoja tena. Mwaka wa 2007 kigango cha Illinois kilirudishwa kwa jamaa ya yule mzee, watu wakakusanyika kukipokea, na watu wa Hampton nao wakakubali kukirudisha cha kwao.

Natuangalie vema kilichokirudisha. Wezi hawakuungama. Sheria nayo ilikuwako: Kenya ilikuwa na sheria ya vitu vya kale na majengo ya kale tangu mwaka wa 1983, miaka miwili kabla ya vigango hivyo kuibwa, na mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara ya mali za utamaduni ulikuwa umefanywa mwaka wa 1970. Sheria zilikuwa kabatini wakati miti ilipokuwa njiani kwenda bandarini. Kilichokirudisha ni karatasi moja yenye sura ya mzee, sura ya kigango, mahali na mwaka. Yaani palikuwa na ushahidi ya kwamba kitu hiki ni cha fulani, wa mji fulani, amewekewa fulani.

Mlango ulipofunguka, wengine wakafuata. Makumbusho ya Denver, ambayo yalikuwa yamepewa vigango 30 mwaka wa 1990, yalitangaza mwaka wa 2014 ya kwamba yatavirudisha vyote. Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirudisha vigango 37, navyo vikapokewa Nairobi mwaka wa 2023. Magazeti yakaandika, picha zikapigwa, wakubwa wakatoa hotuba. Ni furaha, nasi twafurahi pamoja na ndugu zetu.

Lakini vigango hivi vilirudi kwa nani? Vile viwili vya mwanzo vilikuwa na picha. Hivi vingine vingi havikuwa na kitu. Mnunuzi hakuuliza jina la marehemu, na mwizi, hata kama alilijua, hakuwa na sababu ya kulitaja. Makumbusho yaliandika katika vitabu vyao “Mijikenda, Kenya”, na pengine “Giriama”, basi. Ni kama mtu arudishiwe maiti kutoka nchi ya mbali na kuambiwa tu ya kwamba ni ya mtu wa pwani. Vikapokewa na Makumbusho ya Taifa kwa sababu hapana jamaa aliyeweza kusema, “Hiki ni chetu.”

Wazee wenye kujua desturi waliona taabu hiyo tangu mwanzo. Wengine husema viwekwe pamoja katika kaya au katika nyumba ya utamaduni, vipate heshima ya jumla. Wengine hujibu ya kwamba kigango si bendera, hakiwi cha watu wote. Ni cha mzee mmoja na watoto wake, na asiye mtoto wake hana neno la kumwambia anapomsimamisha. Mwandishi aona maneno ya hawa wa pili yana nguvu zaidi, ingawa hajui mahali pengine pa kuviweka. Hata hivyo makosa hayakufanywa mwaka wa 2023. Yalifanywa siku ile mji ulipohama na pasiwe na mtu aliyeandika nani amebaki.

Tukitaka kuona tofauti, tutazame kaya zenyewe. Kaya ni miji ya kale ya Wamijikenda iliyozungukwa na misitu: Fungo ya Wagiriama, Kinondo ya Wadigo, na nyingine za Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Watu walitoka humo pole pole kwenda mashambani, na kufikia miaka ya 1940 karibu zote zilikuwa hazikaliwi. Kwa hiyo nazo ni mahame, kama yale yaliyoibwa vigango. Miti yake ni mbao nzuri, na ardhi yake, hasa kusini karibu na Diani, yatamaniwa na wenye hoteli. Kisiwa cha Chale, ambacho ni mahali patakatifu, kilijengwa hoteli. Hata hivyo kaya nyingi zingali zasimama. Sababu ni kwamba kaya ina wazee wa kambi, wanaojulikana kwa majina, wenye masharti yanayojulikana: hapakatwi mti, hapatolewi hata ukuni mkavu, hapaingiwi ovyo, na mwenye kuvunja sharti hutozwa mbuzi au kuku. Mwaka wa 1992 Serikali ilipoanza kutangaza kaya kuwa mahali pa kuhifadhiwa kwa sheria, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa waliwakuta wazee hao na kuanza kazi pamoja nao. Mwaka wa 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka wa 2009 mila zenyewe za kaya ziliingizwa katika orodha nyingine ya UNESCO, ile ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka.

Hayo maneno ya mwisho yasipitwe upesi. Msitu waweza kuwekewa mpaka, lakini masharti ya msitu yamo vichwani mwa watu wazee, na wazee wa sehemu hizo wamekuwa katika hatari ambayo ni aibu kuitaja. Katika Kilifi wazee wengi wameshitakiwa uchawi na jamaa zao wenyewe. Wengine wamefukuzwa, wengine wameuawa. Mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna neno shamba. Kule Kaya Godoma, katika Ganze, palifanywa makao ya kuwapokea wazee waliotishwa namna hiyo. Hebu tufikiri: mtu ambaye angaliweza kutuambia kigango kile ni cha nani amekimbia mji wake kwa kuogopa mapanga ya wajukuu wake. Chama kinachosema chahifadhi mambo ya kale, na huku hakiulizi mzee fulani amelala wapi usiku wa leo, kimeanza kazi mwishoni.

Miongoni mwetu kuna wanachama wasemao ya kwamba kazi hizi ni za Makumbusho ya Taifa na vyuo vikuu. Tunawaheshimu wataalamu, bila wataalamu wale watatu vigango viwili vile visingalionekana. Lakini mtaalamu huja mwaka mmoja akaondoka mwaka wa pili, na hawezi kufika katika kila mji. Vyama vyetu viko siku zote. Jina lenyewe la Mijikenda lilipata nguvu katika miaka ya 1940 kwa kazi ya chama, Mijikenda Union, wakati wageni walipokuwa wakiwaita watu hao Wanyika, yaani watu wa porini. Wale waliokaa katika mikutano hiyo hawakuwa maprofesa. Walikuwa makarani, walimu, wafanya kazi wa bandari na wakulima, kama sisi.

Kwa sababu hiyo imeonekana vema kufungua daftari la majina, nalo si kazi ya gharama. Kwa kila kitu cha kale kilicho katika mji wa mwanachama, kiwe kigango, koma, kaburi, kiti cha mzee, kisima kilichochimbwa kwa mkono, au mti wa baraza, tunaomba yaandikwe haya: jina la kitu kwa lugha ya nyumbani, cha nani, na jina la baba yake na ukoo wake, nani alikiweka au alikichonga, na yapata mwaka gani, kipo mahali gani, na njia ya kufika, na jina la mtu aliyesema habari hizo. Kama mwaka haujulikani, lisemwe tukio la wakati ule, njaa au nzige au vita, na mwandishi wa daftari atautafuta.

Picha zipigwe mbele na nyuma, na fimbo au rula iwekwe kando ili ukubwa ujulikane. Simu za mkononi zatosha kabisa. Lakini picha iliyo ndani ya simu hupotea siku simu ipoteapo. Basi ichapishwe, na nyuma yake yaandikwe majina kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana wino huingia katika picha na kuiharibu. Wengi wetu tuna picha za miaka ya 1950 na ya 1960 ndani ya masanduku, wazee wamesimama kwa safu na kanzu na makoti, na tukiulizwa huyu wa tatu ni nani twatazamana. Zianzwe hizo.

Nakala ziwe mbili. Moja ibaki kwa jamaa, na ya pili itunzwe na chama. Daftari halitaonyeshwa kwa wanunuzi wa vinyago, wala mahali penyewe hapatatajwa katika magazeti, kwa kuwa orodha nzuri mikononi mwa mwizi ni ramani. Jamaa asiyetaka kitu chake kiandikwe ana haki, naye asisumbuliwe.

Mzee asiyeweza kuandika amwite mjukuu anayesoma, aseme naye aandike kwa maneno yale yale aliyoyasema, bila kuyapamba. Kama mzee amehama kwa sababu ya hofu, ofisi iarifiwe kwanza habari ya usalama wake, na daftari lingoje. Karatasi zote zipelekwe kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu, na kila ukurasa uwe na jina la mzee aliyesema na tarehe aliyosema.